Kigari Kisicho na Mlango

Kilikuja asubuhi moja juu ya lori, kimefungwa kamba magurudumu yote manne, na sisi wafanyakazi wa bustani tukaacha mafagio na ndoo tukaenda kukitazama. Kilikuwa cheupe, kifupi, kina paa na viti viwili virefu, kimoja kikitazama mbele na kingine kikitazama nyuma. Hakikuwa na mlango hata mmoja. Bosi alisema ni kigari cha gofu, kimetumika miaka kadhaa kwenye uwanja wa matajiri huko ng'ambo, na kwamba kinakula umeme, hakihitaji tone la mafuta. Hapo ndipo tulipopiga makofi, maana wakati ule watu wa Bujumbura walikuwa wakiacha magari yao kwenye foleni ya kituo siku mbili, tatu, wakirudi nyumbani kwa miguu kula na kulala.

Bosi akaketi, akagusa kitu kwa mguu, na kigari kikaondoka bila sauti. Hilo sikulitegemea. Kwangu mimi gari ni kelele kwanza, mwendo baadaye. Hiki kilipita mbele yetu juu ya majani yenye umande, kikaingia kwenye ukungu uliokuwa unapanda kutoka ziwani, kikapotea, halafu kikatokea upande wa pili na bosi wetu ndani yake, amenyooka, haongei. Nilijiona naota macho wazi. Nikajiambia, hiki nitakiendesha mimi.

Nieleze kwa nini, la sivyo mtaniona mwanamke wa kutamani vya watu. Nilikuwa mtunza stoo pale bustanini. Watu huikodi bustani ile kwa ndoa na kwa mahari, na mimi nilitunza vitambaa vya meza, viti na maua ya plastiki. Kutoka langoni hadi hema kubwa ni mwendo wa dakika kumi kwa mtu mzima mwenye afya, na wazee wengi walikuwa wakifika kwenye hema wakiwa wameloa jasho, viatu mkononi. Bosi alinunua kigari kwa ajili yao. Mimi nilikitaka kwa ajili ya mzee mmoja tu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona miaka mingi kwenye baraza la duka moja mtaa wa Asiatique, suti za harusi na sare za shule, mguu kwenye kanyagio kuanzia asubuhi hadi jioni. Tulitoka Uvira, nchi jirani ng'ambo ya ziwa, familia nzima, tukakaa Gatumba, hatua chache kutoka mpakani, na mama akafia hapo mdogo wangu wa mwisho akiwa bado ananyonya. Baba alimlea mwenyewe. Alimfunga mgongoni kwa kitenge wakati anashona, wanaume wenzake wakamcheka, na yeye akaendelea kushona.

Kisha maji yakaja Gatumba. Miguu ya baba ilikuwa tayari imeanza kumgomea, kwa hiyo kijana wa jirani alimbeba mgongoni, maji yakiwafika kifuani, mbele ya watoto aliowashonea sare na wanawake aliowapima mabega. Cherehani ikafuata nyuma, juu ya mlango uliong'olewa. Tulihamia mtaa wa Nyakabiga, vyumba viwili kwenye uwanja wenye wapangaji wengine, na tangu siku ile baba hakutoka nje ya lango. Kanisa lilituletea kiti cha magurudumu. Akakitumia kutundikia makoti.

Basi mdogo wangu huyo akaposwa. Kijana ni Mrundi wa hapa mjini, karani wa serikali, mpole wa sauti, na familia yake ikapanga kuja na mahari Jumamosi moja katikati ya kiangazi. Bosi alinipa bustani kwa siku hiyo. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kupasuka, nikamweleza baba, na yeye akasema hatakwenda, akae baba mdogo mahali pake.

"Mi sitabebwa tena mbele ya watu," alisema. "Ile aibu ilinipata mara moja. Inatosha."

Mdogo wangu alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Akasema kwamba baba asipokuwepo, basi na yeye hatatoka chumbani siku hiyo atakapoitwa aonyeshwe kwa wakwe, na hao watu warudi na ng'ombe wao. Hakusema kwa hasira. Alikuwa anachagua mchele, akaendelea kuchagua. Wote wawili ni wakaidi, na mimi ndiye niliyekaa katikati yao kama mto wa kiti.

Kwa hiyo jioni ya siku kigari kilipofika, nilimweleza baba. Aliuliza maswali ya fundi. Mtu anakaa kimo gani, anapanda kwa mguu gani, anafungwa au hafungwi. Nikamwambia anakaa kama alivyokuwa akikaa kanisani. Akanyoosha kipande cha kitambaa juu ya goti, kisha akatoa masharti yake. Atakwenda akiendeshwa na mtoto wake mwenyewe, mtu mwingine hapana. Na ikiwa nitampitisha mbele ya watu bila kusimama kuwasalimia, atashuka hapo hapo, miguu au bila miguu, kwa sababu anayepita bila kusalimia ni mzigo.

Nilikuwa na majuma matano, na sikuwahi kuendesha hata baiskeli.

Bosi naye alikuwa na sharti lake. Hakuna atakayegusa ufunguo wa kigari mpaka aruhusiwe na mwalimu, na mwalimu alikuwa mama mmoja wa Kirundi, mwenye miaka sitini na kitu, kifua kipana, aliyeendesha lori la bia kwa miaka mingi hadi macho yalipoanza kumchezea. Alikuja asubuhi ya kwanza amevaa buti, akakizunguka kigari mara mbili, akakipiga teke la heshima kwenye gurudumu, akaniuliza kama nina hasira. Nikamwambia kidogo. Wenzangu wote wa stoo wakacheka kwa pamoja, na mwalimu akaandika kitu fulani kichwani mwake.

Juma la kwanza sikuendesha. Alinikalisha kwenye kiti cha abiria, akanizungusha bustani nzima, kimya, asubuhi baada ya asubuhi, kabla jua halijatoka juu ya milima iliyo nyuma ya mji. Alisema nijue kwanza inavyokuwa kupelekwa. Njia yenyewe ni ya changarawe, inaanza langoni, inapita hema, inashuka mpaka karibu na maji, inakunja na kurudi ilikotoka. Pale chini ziwa lilikuwa halina rangi saa ile. Ng'ambo, milima ya Uvira ilikuwa inaelea bila miguu juu ya ukungu, na mimi nilikuwa natafuta kwa macho bonde letu, nikilipata, nikilipoteza tena. Kigari hakikutoa sauti yoyote ila changarawe chini ya magurudumu. Nilisahau kwamba najifunza. Siku moja nilisahau hata kwamba mama alishakufa, nikawa napanga nimwambie nini nikifika, na mwalimu aliposimamisha nililia bila kujua nalilia nini. Hakuniuliza. Alisema tu kwamba ndiyo maana hataki dereva wa mbio, abiria hujui amebeba nini kichwani.

Juma la pili akanipa usukani na kuweka kreti la chupa tupu kwenye kiti cha nyuma. Sheria ikawa rahisi: yeye atakaa pembeni akisikiliza, na chupa zikigongana nirudi mwanzo. Zikagongana. Nilipoondoka ziligongana, nilipokunja ziligongana, nilipofunga breki ziliimba kwaya nzima. Nilirudi langoni mara nyingi mpaka askari wa lango akawa ananikaribisha kama mgeni mpya kila mara. Nilikuwa nachemka. Mimi si mtu wa kufundishika, nakubali. Nikikosea mara tatu naanza kukichukia kitu chenyewe. Nilimwambia mwalimu kwamba watu si chupa. Akanijibu kwamba chupa afadhali, ikivunjika hainung'uniki kwa majirani.

Aliyenisaidia ni baba. Nilikuwa nimekaa nyumbani jioni, nimevimba uso, nikamweleza jinsi mguu wangu unavyokanyaga na kigari kinavyoruka. Akaniambia nivute kigoda karibu na cherehani. Yeye akakaa mbele ya sindano, mikono kwenye kitambaa, na mimi nikaweka mguu kwenye kanyagio badala yake. "Usikanyage," alisema. "Egemea." Tulishona hivyo, mikono yake na mguu wangu. Nikienda kwa pupa uzi unakatika, nikisita mshono unakunjana, na yeye anafumua kimya kimya na kuanza upya. Kilikuwa kitambaa cha kijivu, kizuri. Nikamuuliza ni suti ya nani. Akasema ya mteja.

Siku kumi hivi baadaye chupa zilinyamaza. Nilizunguka bustani yote na kreti nyuma yangu likawa kama halipo, na mwalimu wangu, ambaye hasifii mtu, akatoa karanga mfukoni akanipa nusu.

Ndipo akaja kwenye adabu. Kwenye dashibodi ya kigari kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, maandishi ya kigeni na picha ndogo ya mtu anayeanguka nje, kichwa chini. Mwalimu aliitazama akasema hayo ni ya huko, ya hapa yeye anayajua. Abiria aketi kwanza, ashike chuma, ndipo uondoke. Mguu wa mtu usining'inie nje. Pale kwenye mteremko wa majini, polepole kabla ya kushuka, siyo ukishafika chini. Penye watu, uende mwendo wao. Na kubwa kuliko yote ni kwamba kigari hiki hakina sauti, kwa hiyo kumfuata mtu nacho kutoka nyuma ni sawa na kuingia chumbani kwake bila kubisha.

"Hii gari haina mulango," alisema. "Njo maana ukifika nyuma ya mutu, piga hodi."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Honi kwenye sherehe ya watu ni ufidhuli, alisema, na tangu siku ile nilikuwa nikifika nyuma ya watu njiani, naachia kanyagio, naita hodi kwa sauti ya kawaida. Watu walishangaa siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wakijibu "karibu" bila hata kugeuka, wakisogea pembeni na ngazi zao na mapipa yao ya maji. Mimi, mtu wa haraka, nilijikuta naipenda sekunde ile ya kungoja hiyo "karibu". Nilipitia asubuhi zote zile nikikaribishwa na watu niliofanya nao kazi miaka sita bila kuwatazama usoni.

Nikaanza kujiona nimefuzu, na hapo ndipo nilipofanya kosa langu.

Shangazi yake bosi alikuwa na desturi ya kuja asubuhi kuchuma mboga za lengalenga nyuma ya stoo. Bibi mwembamba sana, mwenye kitambaa kilichofungwa begani, anayesikia nusu. Siku hiyo nilikuwa peke yangu kwenye kigari kwa mara ya kwanza, mwalimu akinitazama kutoka kwenye hema, na kitini nyuma nilikuwa na vitambaa vya meza vilivyofuliwa. Bibi alikuwa amesimama kando ya njia, akanyoosha mkono. Sasa, mkubwa akikunyooshea mkono huku kwetu, huuchukui kwa mkono mmoja kama unapokea chenji. Unatoa wa kulia, na wa kushoto unaushika mkono wako mwenyewe chini ya kiwiko, unainama kidogo. Nikafanya hivyo. Mikono yote miwili. Mguu niliutoa kwenye kanyagio, nikadhani hiyo inatosha, lakini pale ndipo mteremko unapoanzia, na kigari kikaendelea taratibu kwa hiari yake.

Kosa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mdogo hauvuti mkono wake kabla mkubwa hajauachia. Na bibi yule hakuwa na nia ya kuuachia, kwa sababu salamu za Kirundi zina vyumba vingi na yeye alikuwa ndiyo kwanza ameingia kwenye watoto. Amahoro, yaani ni amani, watoto ni amahoro, nyumba ni amahoro. Mimi najibu amahoro, nimeinama, naye anatembea kando yangu, hatua zinaongezeka, kitambaa chake kinapepea, kikapu cha mboga kinaruka mkononi, na wote wawili tunatabasamu kwa heshima tukiteremka pamoja kuelekea Ziwa Tanganyika. Nakumbuka kila kitu kilivyokuwa kizuri. Jua lilikuwa linaingia kwenye majani, mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto, na ilinipitia akilini, kwa mbali, kwamba hakuna anayeshika usukani.

Tuliingia kwenye ua wa michongoma. Kigari kikasimama, vitambaa vya meza vikamwagika juu ya miti yote, na bibi akakaa chini kwenye majani, kiatu kimoja hakionekani, bado ameshika vidole vyangu. Hakuumia. Aliuliza kama mzee wangu ni amahoro.

Mwalimu alikuja hatembei haraka, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha. Alimwinua bibi, akamtafutia kiatu, akampangusa, akampeleka mpaka stoo. Kisha akarudi akachukua ufunguo. Nilijaribu kujitetea, nikasema ningewezaje kumnyima mkubwa mkono. Aliniacha nimalize.

"Heshima haitoki kwa mukono tu," alisema. "Simama kwanza. Funga freni mpaka ilie. Shuka. Njo umupe mikono yako yote, hata mpaka saa sita."

Akaondoka na ufunguo kwa siku nane. Nilihesabu, maana Jumamosi yetu ilikuwa imebakiza siku kumi na mbili. Sikumwambia baba. Nilirudi kila jioni nikakanyaga cherehani, tukaweka mikono ya koti, tukaweka kola, na yeye akawa anaulizia kigari kwa njia za kuzunguka, kama barabara ile ina kivuli, kama viti vyake vinachafua nguo. Nilikuwa namjibu kama mtu mwenye ufunguo mfukoni. Mdogo wangu alinitazama mara moja tu akajua, lakini hakumwambia baba. Usiku wa siku ya sita nilisali kwa ajili ya kigari cha gofu. Sijui Mungu huwa anafanya nini na maombi ya namna hiyo.

Siku ya tisa mwalimu alinirudishia ufunguo na kuniweka kwenye mtihani. Alipanga wafanyakazi wote wa bustani kando ya njia, wapishi, wafagiaji, fundi wa maua, na bibi mwenyewe wa lengalenga, kila mmoja na mkono wake tayari. Yeye akaketi pembeni yangu. Nilisimama mara kumi na moja. Kila mara niliegemea breki mpaka ikalia ule mlio wake mdogo, nikashuka, nikatoa mikono miwili, nikauliza habari za nyumba, nikangoja waniachie, nikapanda, nikatazama nyuma, nikaondoka. Kutoka langoni hadi hema tulitumia karibu saa nzima. Nilipofika mwalimu alishuka, akajinyoosha mgongo, akasema kwamba katika maisha yake hajawahi kuchelewa vizuri namna ile. Ruhusa yangu ilikuwa hiyo.

Jumamosi ikafika na teksi haikufika. Dereva alikuwa kwenye foleni ya mafuta tangu jana yake. Baba alikuwa amekaa kitandani tangu alfajiri, amevaa suti ya kijivu, ile ya mteja, imemkaa sawasawa mabegani, na macho yake yalikuwa mekundu, maana hakulala. Nilikuwa nimemsikia usiku kucha akigeuka upande wa pili wa pazia. Mdogo wangu alikuwa ametangulia na shangazi zetu kwenda kufichwa chumbani. Saa zikapita. Nilizunguka uwanja wetu wa Nyakabiga nikiwagombeza kuku. Teksi ilipokuja hatimaye, sisi wenyeji tukawa wa mwisho kufika kwenye sherehe yetu wenyewe, na langoni askari akaninong'oneza kwamba wakwe wako pale tayari, wamesimama mbele ya hema, wamekataa kuketi kabla mwenye binti hajaketi.

Baba alitoka teksini hadi kwenye kigari kwa hatua tatu, amenishika bega. Hakuna aliyembeba. Aliketi, akashika chuma, akaweka kofia yake sawa. Nikaondoka.

Njia nzima ilikuwa na watu. Walikuwa majirani wa Gatumba ambao hawakumwona tangu siku ya maji, wanaume wa Asiatique aliowashonea suti za ndoa zao, wamama wa kanisani na vitenge vyao vipya. Niliita hodi, wakageuka, na nikaona nyuso zao zinavyobadilika. Nilisimama kwa kila kundi, breki ikalia, nikashuka. Baba aliwapa mikono yake yote miwili kutoka kitini, na wao wakainama kumfikia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za miguu. Yule kijana aliyembeba mgongoni alikuwepo pia, sasa mtu mzima mwenye ndevu. Baba alimshika kichwa, akakivuta kwenye kifua chake, akakiweka hapo kwa muda. Nilitazama pembeni. Nilifurahi mpaka nikaumwa kifua.

Tulipobakiza mita chache tu hema lilionekana, na wakwe wamesimama mbele yake katika mstari, wazee wanne wenye fimbo na wake zao, wakitutazama tunavyokuja bila sauti. Nikamgeukia baba nimwambie ajiandae. Kichwa chake kilikuwa kimeinama mbele. Macho yamefungwa.

Nikajua amelala, usiku mzima wa kugeuka umemdai hapa, na mimi na mwendo wangu laini ndio tumemlaza. Nikimtikisa mbele ya wakwe nimemwaibisha. Nikimfikisha hivyo hivyo, amelala kama mtoto kwenye sherehe ya binti yake, nimemwaibisha zaidi, na hatatoka tena ndani ya lango lile la Nyakabiga. Sikupata muda wa kufikiri. Niliinamisha kichwa kwa wazee, kwa heshima yote niliyokuwa nayo, na nikawapita. Nikaona midomo yao inafunguka kidogo. Kwenye dirisha la chumba cha bibi harusi pazia lilisogea, na nikaona jicho la mdogo wangu.

Tulishuka kuelekea majini. Kelele za watu zikabaki nyuma, na ilikuwa tena kama zile asubuhi za kwanza, changarawe tu na upepo, ziwa limetulia, milima ya ng'ambo imekaa mahali pake. Kwenye kona ya chini kabisa nikapunguza mwendo, nikasema polepole, baba, tumefika.

"Najua," alisema. "Siko nalala."

Macho yake yalikuwa bado yamefungwa, na machozi yalikuwa yanatoka humo humo, yanateremka kwenye mashavu aliyonyoa asubuhi ile, mpaka kwenye kola niliyoishona kwa mguu wangu.

"Nikishuka pale, wataniomba mutoto," alisema. "Zunguka tena kidogo."

Nikazunguka. Tulipanda, tukawapita wakwe kwa mara ya pili, nikainamisha kichwa tena, na safari hii wazee wale nao wakainama, wakidhani ndiyo mila yetu watu wa Uvira. Baadaye walimuuliza msemaji wetu maana yake, na yeye, bila kusita, akawaeleza kitu kirefu kuhusu mababu. Tukashuka tena majini. Nilikuwa naendesha na mimi nalia, mikono yangu yote miwili kwenye usukani, taratibu kuliko mwendo wa mtu anayetembea, na kama angetaka ningemzungusha mpaka kigari kiishiwe umeme.

Tulipofika kona ile ya chini alitoa leso, akafuta uso, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni. Akaniambia sasa nimpeleke.

Nikampeleka.